Sura ya Sita: Mfanyakazi Mwenye Shamba Lake

Mvua ya kwanza ya vuli ikishanyesha Kibuta, daftari la mahudhurio kazini huwa la kwanza kuonyesha dalili. Kata hii ya wilaya ya Kisarawe, mkoani Pwani, ina watu wa kazi za kila aina: walimu, wahudumu wa afya, walinzi, mafundi ujenzi, wauza maduka, vibarua wa mashamba ya mikorosho, na vijana wanaopanda gari alfajiri kwenda kutafuta riziki Gongo la Mboto na Kariakoo. Karibu wote wana shamba. Liwe dogo au kubwa, la urithi au la kukodi, shamba hilo haliwezi kungoja likizo ya Desemba. Mahindi ya vuli yakichelewa kupandwa wiki mbili, mvua inaweza kukatika yakiwa ndiyo kwanza yanabeba.

Ndipo msimamizi anapoanza kuona mambo. Huyu kachelewa, yule kaomba ruhusa kwenda msibani kwa mara ya pili ndani ya mwezi, wa tatu yupo kazini lakini macho mazito na mikono ina malengelenge. Msimamizi asiyejua kilimo huandika barua ya onyo. Anayekijua huuliza kwanza: "Bwana, umeshapanda?" Sura hii inamhusu msimamizi wa pili, na jinsi wa kwanza anavyoweza kufanana naye.

Vitabu vingi vya uongozi vinavyouzwa katika maduka ya Dar es Salaam vimeandikwa Ulaya na Marekani, na vina sura zao kuhusu miezi hii hii. Huko, kuanzia Septemba mchana hufupika upesi, majani hupukutika, na watu huenda kazini gizani na kurudi gizani. Mwaka 1984 daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal na wenzake, huko Marekani, walieleza sonona inayowarudia watu kila majira ya mchana mfupi, na tangu hapo taa za mwanga mkali zimekuwa sehemu ya tiba yake. Ushauri huo ni wa kweli mahali pake. Kisarawe iko nyuzi kama saba tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki saa moja. Mwajiri wa Kibuta anayetaka kujua kwa nini kazi imelegea mwezi wa kumi na moja hana haja ya kutazama jua. Atazame ardhi.

Na ardhi yenyewe katika msimu huu haitabiriki. Masika ya Machi hadi Mei huja kwa wingi na kwa uhakika kiasi. Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ni mvua ya kigeugeu. Mwaka 1997 na tena 2023 ilikuja na El Niño ikafurika, ikakata barabara na kusomba mazao. Mwaka 2022 ilichelewa. Mto Ruvu, unaolisha jiji la Dar es Salaam na, tangu mradi wa Kibamba ulipozinduliwa Juni 2020, mji wa Kisarawe pia, ulipungua kiasi kwamba Oktoba mwaka huo jiji likaingia katika mgao wa maji. Mkulima anayepanda vuli anacheza na msimu ambao unaweza kumpa debe au kumnyima hata punje, na hofu hiyo anakwenda nayo kazini.

Wakati huohuo mambo mengine yote hujaa katika miezi mitatu ileile. Korosho zinaanguka na lazima ziokotwe, zianikwe, zipelekwe chama cha msingi. Darasa la nne wanafanya mtihani wa taifa, kidato cha pili na cha nne vilevile. Maduka yanajaza bidhaa za sikukuu. Wakandarasi wanataka kupaua kabla mvua haijazidi. Hesabu za mwaka zinafungwa. Mwajiri anahitaji watu wake kuliko mwezi mwingine wowote, na shamba nalo linawahitaji hivyo hivyo. Wanaogongana hapo ni wadai wawili wa saa zilezile za mtu mmoja, na kumwita mtu huyo mvivu ni kumkosea.

Watu wa Uzaramo, nchi ya Wazaramo ambamo Kisarawe imo, wameshaonja uchungu wa mwajiri asiyetaka kujua kalenda ya watu wake, na habari hiyo inastahili kusimuliwa kwa kirefu.

Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya ya Dar es Salaam, ambayo wakati ule ilijumuisha Uzaramo. Kila jumbe aliamriwa kutenga shamba, na watu wake walime kwa zamu. Kila mtu mzima alihesabiwa siku 28 kwa mwaka. Mapato yangegawanywa mafungu matatu: fungu la wakulima, la jumbe, na la mfuko wa serikali ya wilaya. Kwenye karatasi za Wajerumani mpango ulionekana wa haki kabisa, kwani siku 28 kati ya 365 ni kidogo, na kila upande una fungu lake. Yeyote aliyewahi kushika jembe angeona mara moja tatizo liko wapi. Pamba hudai kulimwa, kupaliliwa na kuchumwa, na siku zake huangukia juu ya siku ambazo mtama, mpunga na mahindi navyo vinamwita mwenyewe. Siku moja ya palizi iliyokosekana wakati wa mvua hailipwi kwa siku moja ya kiangazi.

Kisha yakaja malipo. Baada ya kazi ya mwaka wa kwanza fungu la kila mkulima lilikuwa senti 35. Wapo waliokataa hata kuzipokea. Ili fedha hiyo ieleweke, ifananishwe na kodi ya kichwa na nyumba iliyowekwa Machi 1905: rupia tatu. Mtu aliyetumikia shamba la jumbe msimu mzima alibaki na deni la serikali mara nyingi zaidi ya ujira wake, na ghala lake la chakula likiwa pungufu.

Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa pamba. Hilo ndilo lililokuwa tendo la kwanza la vita vya Majimaji. Mwezi uliofuata vuguvugu lilikuwa limeshafika Uzaramo, pande za Maneromango, na miongoni mwa walionyongwa na Wajerumani alikuwa Kibasila, jumbe wa Kisangire, ambaye jina lake limepewa shule ya sekondari jijini Dar es Salaam. Sababu za vita vile zilikuwa nyingi: kodi, viboko, dharau ya maakida waliowatawala watu kwa niaba ya Wajerumani, na imani katika maji ya dawa ya mganga Kinjikitile. Hakuna mwandishi mwaminifu atakayezishusha zote ziwe jambo la ratiba. Hata hivyo waliong'oa mche wa pamba walijua walichokuwa wanaking'oa, na baada ya vita serikali yenyewe iliachana na mashamba yale ya lazima.

Waajiri waliofuata walijifunza nusu ya somo. Mwaka 1907 huko Wilhelmstal, Lushoto ya leo, ilianzishwa kadi ya kazi iliyomlazimisha Msambaa kumfanyia mzungu kazi siku thelathini katika kila miezi minne. Katika mashamba ya mkonge kadi ya namna hiyo, kipande, ilidumu miaka mingi hadi enzi za Waingereza: siku thelathini za kazi zinajazwa, kisha mshahara unalipwa. Kipande kilimpa mtu nafasi ya kuchagua siku zake, na wenyeji wa karibu na mashamba waliitumia nafasi hiyo vizuri. Mvua ikinyesha, kadi iliwekwa juu ya dari na jembe likashuka. Badala ya kupanga uzalishaji uendane na kilimo cha majirani zao, wenye mashamba walitafuta watu wasiokuwa na shamba karibu. Ndivyo walivyoletwa manamba kutoka mbali, na mwaka 1944 ikaundwa ofisi maalumu ya kuwakusanya, iliyojulikana kwa kifupi SILABU. Mtu aliyeletwa Tanga kutoka Songea hakuwa na shamba la kumwita mawingu yakitanda. Kwa hesabu za mwajiri hilo lilikuwa suluhisho. Gharama yake ilibaki Songea, katika mashamba yaliyokosa wanaume wa kulima.

Mwajiri wa leo Kisarawe hawezi kuagiza manamba, na jambo hilo ni la kumshukuru Mungu. Amebaki na watu wenye mashamba yao. Afanye nini?

Aanze na saa, kwa maana hapo ndipo penye unafuu wa haraka na usio na gharama kubwa. Vibarua wa shamba Pwani wanaijua njia moja ambayo ofisi nyingi zingeweza kuiiga: ngwe. Asubuhi mtu anapimiwa eneo lake kwa hatua, akilimaliza kazi ya siku imekwisha. Mwenye mikono myepesi saa nne ameshajifuta jasho na anaelekea kwake. Mwingine atafika adhuhuri. Hakuna anayesimamiwa kwa saa, na hakuna anayejifanya kulima huku anangoja kengele. Kweli ngwe ina ubaya wake. Msimamizi mwenye tamaa huongeza hatua mbili kila wiki mpaka ngwe ya Jumatatu haifanani na ya mwezi uliopita, na vibarua wakigundua, kesho yake hawaji. Ngwe hufaa pale tu kipimo kinapokuwa kimoja kwa wote na hakibadiliki katikati ya msimu.

Kazi nyingi za ofisini na karakana zinaweza kupimwa hivyo kwa muda wa vuli. Fundi seremala anajua milango mingapi inatakiwa kwa wiki. Karani wa chama cha msingi anajua stakabadhi ngapi lazima ziingizwe kabla ya mnada. Mwambie kazi ya wiki ni hii, ukimaliza Alhamisi, Ijumaa ni yako. Utashangaa Alhamisi inavyowezekana. Mlinzi na muuguzi hawawezi kupewa ngwe, kwa kuwa lango na wodi vinataka mtu awepo. Hao wanahitaji zamu, na zamu nzuri ni ile waliyoipanga wenyewe. Majirani wanajua nani ana shamba bondeni anakopanda mapema, nani yuko juu kwenye kichanga anakosubiri mvua ya pili, na nani palizi yake itaangukia wiki gani. Meneja aliyeketi Dar es Salaam hawezi kuyajua hayo hata akiwa na kompyuta mbili mezani.

Sheria nayo haizuii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka kikomo cha saa 45 kwa wiki na saa tisa kwa siku, ikataka saa za ziada zikubaliwe na mfanyakazi na zilipwe si chini ya mara moja na nusu, ikampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28. Mwajiri ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu lini likizo ichukuliwe, mradi isivuke muda uliowekwa baada ya mzunguko wake kwisha. Kwa desturi waajiri wengi huisukuma likizo Desemba, wakati mvua inaelekea ukingoni na mtu hana la kufanya shambani isipokuwa kufukuza nguruwe pori na nyani. Likizo iliyogawanywa kwa makubaliano, sehemu yake ikaangukia wiki ya kupanda, ina thamani kubwa zaidi kwa mfanyakazi, wala haimgharimu mwajiri hata shilingi moja zaidi.

Baada ya saa ni fedha, na hapa ndipo vuli inapouma.

Mahindi yaliyovunwa baada ya masika yanakaribia kwisha ghalani. Korosho zipo mtini au chini ya mkorosho, lakini fedha yake haijatoka; mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara mwaka 2007, umempa mkulima bei ya mnada na pia umempa siku za kungoja. Mbegu inatakiwa leo. Kibarua wa kusaidia kulima anataka ujira wake leo. Mtoto anaumwa homa, na mvua zimeleta mbu. Ndipo anapojitokeza mnunuzi wa kangomba, anayepima korosho kwa bakuli kabla hata hazijakauka na kulipa taslimu kwa bei ya kutupa. Ndipo pia inapokuja mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina linalojitosheleza, kausha damu. Siku hizi hata kwenda kwa mkopeshaji si lazima, simu inatosha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na waliokwisha kukopa humo wanajua namna ndugu na marafiki wanavyopigiwa simu za kuwaaibisha.

Mtu mwenye deni la namna hiyo anakuja kazini mwili tu. Hilo si neno la mtaani peke yake. Wachumi Supreet Kaur, Sendhil Mullainathan, Suanna Oh na Frank Schilbach walilipima huko Odisha, India, miongoni mwa vibarua wa vijijini waliokuwa wakishona sahani za majani na kulipwa kwa idadi ya sahani, katika kipindi cha mwaka ambacho kazi na fedha ni haba. Wote walikuwa na ujira uleule. Tofauti ilikuwa siku ya kuupata: baadhi yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walilipwa mapema sehemu ya fedha waliyokwisha kuifanyia kazi, wengine wakangoja mwisho. Waliolipwa mapema walikwenda kupunguza madeni na kununua chakula. Siku zilizofuata walishona sahani zaidi kwa saa, kama asilimia 7, na waliokuwa maskini zaidi waliongeza zaidi ya hapo. Makosa katika sahani zao yalipungua. Mwajiri hakuongeza chochote juu ya ujira. Alibadili tarehe tu.

Karibu zaidi na Tanzania kuna ushahidi wa Chipata, mashariki mwa Zambia. Günther Fink, Kelsey Jack na Felix Masiye walifuatilia wakulima wadogo waliopewa mkopo wa fedha au magunia ya mahindi katikati ya msimu wa njaa, walipe baada ya mavuno. Waliopata mkopo walipunguza siku za kwenda kulima mashamba ya watu kwa ujira wa kujikimu, wakabaki kwao wakapalilia, wakavuna zaidi. Karibu wote walilipa. Na ujira wa vibarua vijijini humo ulipanda, kwa kuwa watu hawakuwa tena wakijiuza kwa bei yoyote ili watoto wale usiku huo. Mwajiri mwenye tamaa ya mkono rahisi hatalipenda tokeo hilo la mwisho. Mwajiri anayetaka mtu aliyeshiba, aliyelala, na atakayerudi msimu ujao, atalipenda.

Kutoka huko hadi Kibuta si safari ndefu. Mwajiri alipe siku aliyosema atalipa, kwa sababu mshahara uliochelewa wiki moja mwezi Novemba unaweza kumfanya mtu apoteze msimu mzima. Katika miezi hii anaweza kuugawa mshahara mara mbili, katikati na mwisho wa mwezi, kwa anayetaka. Anaweza pia kutoa advansi isiyo na riba ya kununulia mbegu, makato yakaandikwa na kukubaliwa kwa maandishi kama sheria inavyotaka. Lakini aulize kwanza, asiamue kwa niaba ya watu. Huko Kiambu, Kenya, watafiti Lorenzo Casaburi na Rocco Macchiavello walikuta wafugaji wengi wa maziwa wanapendelea kulipwa kwa mwezi kuliko kila siku, hata bei ya mwezi ikiwa ndogo kidogo, kwa sababu fedha ya kila siku huyeyuka mkononi na ya mwezi hujenga kitu. Kina mama wa vikoba wanalijua jambo hili bila utafiti wowote. Anayetaka fedha yake kidogo kidogo apewe, na anayetaka itunzwe mpaka ifikie bei ya mabati itunzwe.

Shule ni sehemu ya kazi ambako mwajiri hawezi kugusa mshahara hata kidogo, na kwa hiyo inafundisha mengi. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi au mkuu wa sekondari ya kata hapangi malipo wala tarehe zake. Anachokabidhiwa Oktoba ni watahiniwa, silabasi ambayo haijakwisha, na walimu ambao nusu yao wana mihogo na kunde zinazodai palizi. Kisarawe iliwahi kuwa na msukumo mkubwa kuhusu mitihani. Jokate Mwegelo, mkuu wa wilaya kuanzia 2018 hadi 2021, alianzisha kampeni ya Tokomeza Zero ya kuondoa daraja sifuri katika mitihani ya sekondari, akachangisha fedha kwa matembezi na harambee, na shule ya wasichana ikajengwa. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa katika lengo lake, ambalo mtoto, mzazi na mwalimu wote walilielewa kwa maneno mawili. Watu huchoka haraka wanapofanya kazi ya ziada wasiyoijua mwisho wake, na huvumilia mengi wakijua wanakimbilia wapi na lini watapumzika.

Lakini kampeni yoyote ya mitihani huishia kwenye bega la mwalimu anayebaki na wanafunzi mpaka jua kuzama. Mkuu wa shule mwenye busara hugawa vipindi vya jioni ili hakuna mwalimu anayebaki siku tano mfululizo, huanza masomo ya ziada mapema, Julai na Agosti, wakati shamba limelala, na huacha wiki ya kupanda ikiwa nyepesi. Wazazi wakichangia chakula cha mchana, mwalimu naye awe na sahani yake. Uji wa saa nne na wali wa mchana umewabakisha walimu shuleni mara nyingi kuliko nyaraka za kuwataka wabaki.

Kuna jambo ambalo saa na fedha haviwezi kulinunua, nalo ni kauli. Februari 1971 TANU, chama tawala wakati ule, ilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kiliwataka viongozi waache majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani Dar es Salaam walikisoma wakakichukua kwa dhati. Miaka miwili iliyofuata ilijaa migomo, na profesa Issa Shivji, aliyeiandikia kitabu, alionyesha kwamba mingi haikuhusu mshahara. Ilihusu matusi na mameneja waliowatendea watu wazima kama watoto. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimfungia nje mwenye kiwanda wakaendelea kuzalisha wenyewe. Watu waliotukanwa hawakuwa wamechoka kufanya kazi hata kidogo.

Pwani, ambako mtu mzima huamkiwa shikamoo hata akiwa mfagizi, msimamizi kijana aliyetoka chuoni anayemwita mlinzi wa umri wa baba yake kwa kupiga mluzi ameshapoteza kitu ambacho bonasi ya Desemba haitakirudisha. Onyo likilazimu litolewe faraghani. Ruhusa ikikataliwa, sababu itajwe. Na mtu akifiwa, mwajiri atume mwakilishi na rambirambi. Kila anayebaki kazini siku hiyo anaona, na anajua siku yake ikifika atatendewaje.

Mvua yenyewe nayo inahitaji maandalizi ya mikono. Barabara za udongo zikilowa, nauli ya bodaboda hupanda na magari mengine hukataa kuingia ndani. Mwajiri anayewalipa watu nauli ya kiangazi wakati wa vuli amewapunguzia mshahara bila kuandika barua. Makoti ya mvua kwa walinzi, mabuti kwa watu wa shambani, paa lisilovuja juu ya mafundi, chandarua kwa wanaolala zamu: hivi vyote ni bei ndogo ukivilinganisha na wiki ya mfanyakazi aliyelazwa kwa malaria. Na ratiba ikatwe mapema siku ambayo wingu limeshuka, kwa maana mama anayevuka kijito kwenda nyumbani hafikirii chochote kingine kuanzia saa tisa.

Yote haya yanapangika kwa sababu vuli hutanguliwa na taarifa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu kabla mvua hazijaanza, ikieleza kanda kwa kanda wapi zinatarajiwa juu ya wastani, wapi chini, na zinaanza lini. Wakulima huusikiliza redioni. Waajiri wengi huuacha upite, kana kwamba ni habari za watu wengine.

Kwa hiyo, mwajiri unayesoma sura hii ukiwa Kibuta, Masaki, Maneromango au kwingineko Pwani, utabiri wa vuli ukitoka waite watu wako kabla Septemba haijaisha. Leta kalenda ya kazi zako, nao walete ya mashamba yao, na msiondoke kwenye kikao mpaka mmekubaliana nani anapanda lini, nani anabaki, advansi ya mbegu ni kiasi gani na mshahara wa Novemba unalipwa tarehe ngapi. Kisha uandike, ubandike ukutani, na uitimize tarehe hiyo.